Ubani wa Fidla

Mazoezi yalikwishaharibika hata kabla ya moshi. Ndugu yangu amepiga fidla ya taarabu tangu ujanani, kwa sikio, bila karatasi. Binti yangu husoma nota, na hamruhusu ami yake kutia hata kinakshi kimoja.

"Ami, hiyo haimo!"

"Kwenye karatasi haimo, mwanangu. Kwenye wimbo imo."

Walikuwa wakigombania "Wimbo wa Kiarabu" wa Béla Bartók. Mhangaria huyo alitunga vipande 44 vya fidla mbili mwaka 1931, baada ya kuombwa na mwalimu wa Kijerumani, Erich Doflein, aliyetaka wanafunzi wake wapate cha kupiga. Alivipanga kuanzia vyepesi hadi vigumu, na karibu vyote amevijengea juu ya nyimbo za vijijini. Huo wa Kiarabu ni wa 42. Mwaka 1913 Bartók alikuwa Biskra, Algeria, akikusanya nyimbo, na ndugu yangu aliposikia hayo ndipo alipokuwa hashikiki: wimbo ni wetu, karatasi ndiyo mgeni. Nilimuunga mkono moyoni tu, maana binti yangu akinuna, hata chai huipati.

Sasa, ulimbo wa kusugulia pinde walikuwa nao kidonge kimoja, cha rangi ya asali, kimewekwa kabatini karibu na kopo la udi. Alasiri Mama akataka kufukiza nyumba. Akakiona, akakitwanga kwa mchi, akakimwaga kwenye chetezo chenye makaa mekundu.

Moshi mzito ukajaa ukumbini, paka akaruka dirishani, jirani akaja mbio na ndoo ya maji.

"Huyo muuza ubani," Mama akakohoa, "leo atanijua!"

Upinde wa binti yangu ndio kwanza umetiwa singa mpya, na singa mpya bila ulimbo huteleza tu juu ya uzi, kimya. Ami yake, ambaye upinde wake bado ulikuwa na ulimbo wa jana, akautwaa wimbo peke yake na kuutia nakshi zote alizonyimwa. Binti akafungua ukurasa wa mbele kwa hasira: kipande cha 43, Pizzicato, ambacho chote hupigwa kwa vidole. Wakakidonoa pamoja, macho yakiwachuruzika machozi.

Mama akachungulia mlangoni, chetezo mkononi.

"Kumbe mnaweza! Sasa ule mkwaruzo wa kila siku wa nini?"