Shangazi wa Kompyuta Anajibu

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mhariri wa video za harusi. Kompyuta imekuwa nzito, nikapakua programu nne za kupima mzigo wake. Kila moja inasema lake, na sasa hata kipanya kinagoma. Ipi ya kweli?
Mzigo Mzito, Temeke

Marahaba, mwanangu. Zote nne ziondoe leo. Programu ya aina hiyo huamka kila sekunde chache kuhesabu kila kinachotembea ndani ya mashine, na kuhesabu nako ni kazi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja: Task Manager itafunguka, wala hukuhitaji kuipakua. Tazama safu ya CPU, kisha memori, kisha diski. CPU ikiwa asilimia 10 na diski 100, usiilaumu prosesa. Inasubiri diski iliyoelemewa na mavideo yako. Ukitaka undani zaidi, chukua Process Explorer ya Mark Russinovich, ambaye kampuni yake ilinunuliwa na Microsoft 2006. Ni ya bure, na itakuonyesha programu ipi imeiamsha ipi. Ukikuta mkosaji ni kivinjari chenye tabo za tangu mwezi jana, hayo yamalize mwenyewe.

Shangazi, natumia Linux. Htop inaonyesha wastani wa mzigo 6.20, 3.10, 1.40. Fundi wa ofisini anasema nifanye bakapu, mashine inakufa.
Mwenye Hofu, Eldoret

Bakapu fanya, haijawahi kumdhuru mtu. Ila fundi amekutisha bure. Namba hizo ni za dakika 1, 5 na 15 zilizopita, kwa hiyo mzigo wako ndio kwanza unapanda. Labda umefungua kitu sasa hivi. Andika nproc uone una kori ngapi. Zikiwa 8, ni kinyozi mwenye viti vinane na wateja sita: hakuna aliyesimama mlangoni. Zikiwa 2, wapo wanaonung'unika nje. Halafu Linux huwahesabu pia wanaosubiri diski, ndiyo maana mzigo unaweza kupaa huku CPU imekaa tu. Hilo fundi angelijua, asingekimbilia kutangaza msiba.

Shangazi, mume wangu anataka kuweka programu ya kuona kompyuta yangu inafanya nini kutwa nzima.
Bi. Wasiwasi, Tanga

Huo si mzigo wa kompyuta, bibi. Nimeipeleka barua yako kwenye safu ya ndoa.