Andazi la Shemeji Nalo Liandikwe

Biashara ya nyumbani haina mlango wake. Ngano ya kuuza imelala kabati moja na ngano ya chapati za watoto, gesi ni ileile, na pesa ya mauzo inakaa kwenye kopo ambalo nyumba nzima inalijua. Kwa hiyo, dada unayechoma maandazi Dar es Salaam na kuyauzia barazani, anza kwa kuwatangaza wote wa nyumbani kuwa wateja. Mumeo, mwanao, shemeji aliyekuja kusalimia tangu mwezi wa pili: kila anayenyoosha mkono kwenye beseni, mwandike.

Nunua kaunta buku jipya. Daftari la shule lililobakiza kurasa tatu halifai. Ukurasa wa siku moja uwe hivi: maandazi 90 yamechomwa, 70 yameuzwa kwa shilingi 200, jumla 14,000, jirani wa geti jekundu kakopa 6, watoto wamekula 8, shemeji 4, 2 yameungua. Jumlisha. Kama hayafiki 90, uliza kabla watu hawajalala.

Hapo ndipo utakapomjua shemeji. Maandazi 4 kila asubuhi ni shilingi 24,000 kwa mwezi. Mpe chai, ni ndugu. Lakini hiyo ni gharama ya nyumba, basi pesa ya nyumba ndiyo ijaze kopo. Nawe ukitaka vocha au nauli, jilipe posho inayojulikana, uiandike. Mitaji mingi ya barazani huisha kwa kumegwa hivihivi, elfu mbili leo, elfu tatu kesho, huku mwenyewe akilaumu bei ya mafuta.

Tenga pia laini ya simu ya biashara. Mauzo yakiingia kwenye laini moja na mchango wa harusi ya binamu, mwisho wa mwaka utashindwa kueleza ipi ilikuwa ya maandazi na ipi ilikuwa ya kamati ya maandalizi.

Sasa kodi, ambayo wengi wanaikimbia wakiamini kwamba kuandika ni kujichongea. Mambo ni kinyume kabisa. Kwa mfanyabiashara mdogo, Mamlaka ya Mapato (TRA) hutoza kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo ya mwaka, na namba ya mlipakodi (TIN) hutolewa bure. Katika viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 hayana kodi hiyo. Kati ya milioni 4 na 7, asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000. Anayetunza hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4 tu. Piga hesabu ya beseni lako: 14,000 kwa siku 365 ni 5,110,000. Kilichozidi ni 1,110,000, na asilimia 3 yake ni 33,300. Kaunta buku limekuokolea 66,700. Ukipanda hadi mauzo ya milioni 8, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000 na mwenye nazo 120,000. Mimi nakasirika kabisa nikiona mama anayeamka saa kumi usiku akilipa zaidi ya mara mbili kwa kukosa kalamu.

Kumbuka, kodi hii inahesabu mauzo, haiulizi faida. Ngano, hamira na dumu la mafuta haviipunguzi. Viandike hata hivyo, na risiti uzidai, maana bila hivyo hutajua kama andazi la 200 bado linakulipa au unawalisha mtaa mzima kwa hasara.

Kodi hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Weka shilingi 100 pembeni kila jioni, kwenye kopo ambalo shemeji halijui. Kwa mwaka ni 36,500: unalipa 33,300, na 3,200 inayobaki unaongezea kwenye kaunta buku jipya. La zamani lihifadhi miaka 5, mbali na mafuta.