Jinsi ya Kumpandisha Mwarobaini Kizimbani

Chuma majani ya mwarobaini, yaoshe, yaanike kivulini mpaka yafikichike. Yachemshe, chuja, kisha changanya maji yake na zinki naitreti. Koroga juu ya moto wa wastani hadi upate tope la manjano, ulitie kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 400 za Selsiasi, saa mbili. Utatoa unga mweupe: oksidi ya zinki, yenye chembe za nanomita chache au makumi kadhaa.

Hapo wengi hukimbilia kuandika makala ya kumsifu mwarobaini. Wewe subiri, mshitakiwa bado hajahojiwa.

Kwanza muulize: kwenye tukio ulikuwapo? Chukua zinki naitreti ile ile, iweke kwenye tanuri lile lile bila jani hata moja. Tumia kabati la kufyonza hewa, maana moshi wa kahawia utakaofuka ni naitrojeni dioksidi, na unaunguza mapafu. Ukifungua tanuri utakuta oksidi ya zinki! Joto peke yake linatosha. Nampenda sana mwarobaini, na ndiyo maana sitaki asifiwe kwa kazi ya tanuri. Huenda yeye amepunguza ukubwa wa chembe tu. Basi pima oksidi zote mbili kwa eksirei, ulinganishe ukubwa wa chembe zake kwa kanuni ya Scherrer ya mwaka 1918.

Akidai aliipa zinki elektroni, mkatalie. Majani hufanya hivyo kwa fedha na dhahabu. Zinki iliingia na chaji ya +2 na imetoka nayo. Akidai bado ameivika chembe koti la flavonoidi, kemikali za majani yake, mkumbushe zile nyuzi 400 zilizoziunguza.

Sasa dai la kuua bakteria. Kwenye sahani ya agari yenye Staphylococcus aureus, weka unga wako, maji ya majani peke yake, chumvi ya zinki yenye kiasi kile kile cha zinki, na oksidi ya kawaida, ile ya losheni ya kalamaini. Ioni za zinki zinazoyeyuka huua bakteria zenyewe, kwa hiyo duara safi kuzunguka unga wako halithibitishi lolote mpaka liyapite ya wenzake.

Halafu dozi hiyo hiyo ipe seli za ngozi ya binadamu. Mwenye kidonda anataka bakteria wafe, ngozi yake ibaki.