Kamba za Mama na Shotigani ya Mjomba

Pesa za korosho zilipoingia msimu ule, kila mtu nyumbani kwetu Kurui, Kisarawe, alikuwa na mipango nazo. Mama alitaka simenti ya sakafu na mlango wa maana wa uani. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anadaiwa michango shuleni. Baba, aliyeibiwa mbuzi mara mbili kabla hata mikorosho haijamaliza kuangusha, alikaa kimya, na sisi tunaomjua tukajua kimya kile kina jambo. Jambo lenyewe lilifika kwa bodaboda Ijumaa baada ya swala, limekunjwa kwenye mfuko wa shati la Mjomba: karatasi kutoka duka la silaha Dar es Salaam, yenye picha ya shotigani ya Kituruki inayojipakia yenyewe.

“Shemeji, hii hukoki,” Mjomba akamwambia Baba kabla hata maji ya kunywa hayajaletwa. “Unavuta kifyatuo, inatoka, inatema ganda, inajipakia. Unavuta tena. Na bei yake ni ya mtu wa korosho.”

Mjomba anakaa Gongo la Mboto. Alifanya kazi ya ulinzi miaka mingi, akisimama nje ya maduka na shotigani ya kukoki kwa mkono, kwa hiyo hakuwa anabahatisha. Na kwetu Uzaramo neno la mjomba halisukumwi kando. Mama ni dada yake, lakini hata yeye alimsikiliza mpaka mwisho.

Nikiri kwamba maelezo yake yalinivutia. Bunduki ile ni ya namba 12, maana yake ukichukua ratili moja ya madini ya risasi ukaigawa gololi 12 zilizo sawa, gololi moja ndiyo inayoingia kwenye mtutu, upana wa milimita 18 na nusu hivi. Haipigi risasi moja tu. Ganda la marisau makubwa, yale wanayoyapendekeza watu wa ulinzi, kwa kawaida hubeba chembe tisa, kila moja ikizidi milimita nane. Hata kujipakia si ufundi mpya: John Browning wa Marekani alibuni mwishoni mwa karne ya 19 ile ya kwanza iliyofanikiwa sokoni, Wabelgiji wakaiunda kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1900, na ilidumu viwandani hadi 1998. Kilicho kipya ni bei. Katika mkoa wa Konya kule Uturuki, miji ya Huğlu, Üzümlü na Beyşehir imejaa viwanda vya bunduki za kuwindia, na wingi huo umefanya silaha ambayo Mwitaliano anaiuza ghali sana ipatikane kwa chini ya nusu ya bei.

Baba akauliza swali la mkulima: “Inakwama?”

Mjomba akachelewa kujibu, na hapo nikamheshimu zaidi. Alisema ile ya kukoki kwa mkono inaendeshwa na mkono wako. Ganda likiwa dhaifu, mkono unamalizia kazi. Hii inaendeshwa na nguvu ya ganda lenyewe. Nyingine huchota gesi ya baruti kutoka kwenye mtutu ikasukuma pistoni, nyingine hutumia ule msukumo wa kurudi nyuma. Ganda likiwa jepesi, mashine haimalizi safari yake, ganda tupu linabanwa mlangoni. Zile za bei nafuu zikiwa mpya huwa ngumu zaidi, zinataka kupigwa maganda yenye nguvu kwanza mpaka zilainike, kisha zisafishwe masizi, kisha zipigwe tena ili mwenyewe ajue kama zinaaminika.

“Mara ngapi?” Baba akauliza.

“Mia, mia mbili.”

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuharibika. Maganda mia mbili ni fedha, na ni kibali pia, kwa sababu risasi nazo hazinunuliwi kama chumvi. Na yatapigwa wapi? Kurui hakuna uwanja wa shabaha. Bunduki ingekaa chumbani kwa Baba, mpya, inang'aa mafuta, pasipo mtu yeyote kujua kama ganda la pili litaingia. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na sijaona namna ya kulizunguka. Bei ya chini ni ya kuinunua tu. Kuiamini kunataka mamia ya maganda, na mkulima wa Kisarawe hana pa kuyapata wala pa kuyapigia.

Kisha kuna sheria. Tangu 2015 tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, na safari ya mwombaji huanzia kijijini, ikapita kwenye kamati za ulinzi na usalama, ikaenda polisi, ikapanda juu. Unathibitisha kwamba unajua kuitumia, na unaonyesha utaifungia wapi. Mjomba alizijua hatua hizo vizuri, na aliongeza kwamba wenzetu wa Afrika Kusini, kwa sheria yao ya 2000, shotigani inayojipakia wameiweka kwenye kundi la silaha zilizozuiliwa: raia anayetaka kujilinda anaanzia kwenye ile ya kawaida, na kwa hii lazima aeleze kwa nini ile haimtoshi. Baba alisema yeye ana sababu za kutosha. Alipokuwa kijana walilala kwenye madungu kulinda mihogo dhidi ya nguruwe pori. Na kule Rufiji, jirani zetu wa kusini, kati ya 2002 na 2004 kulikuwa na simba aliyeua watu zaidi ya 30 kabla hajauawa, akakutwa na jipu kwenye gego. Watafiti waliohesabu mashambulizi ya simba Tanzania kuanzia 1990 hadi 2004 walipata vifo zaidi ya 560, na wakaona kwamba nguruwe pori wana mkono humo: wanawavuta simba mashambani, na wanamfanya mkulima alale nje akilinda. Kwa mtu wa umri wa Baba, kutaka bunduki si tamaa ya sinema.

Mama alingoja wamalize chai. Halafu akaingia ndani, akatoka na bunda la kamba za katani zile za kufungia magunia.

Akafunga ncha moja kwenye tendegu la kitanda cha Baba, kwenye kimo cha kifua cha mtu aliyeketi. Ncha ya pili akaivuta hadi mlango wa uani, ambako mwizi angeingilia. Kamba ilipita juu ya mkeka wanapolala wajukuu, ikagusa chandarua. Akafunga nyingine kutoka kitandani hadi dirisha la zizi: ikakatiza pazia la chumba cha Bibi. Ya tatu, kutoka mlango wa mbele, ikaishia jikoni anapolala binti wa shangazi. Nyumba yetu upande wa mbele ni ya matofali ya kuchoma, nyuma ni miti na udongo wa zamani, na milango ya ndani ni mapazia na mbao nyembamba. Bunduki ikipigwa kufuata kamba hizo, udongo mzito ungeweza kuzima chembe kadhaa. Lakini pale ulipobanduka zikabaki fito? Pazia je? Hata kule Marekani ambako watu wamejaribu sana, marisau makubwa hupita kuta za ndani za ubao wa jasi, moja baada ya nyingine, yakiwa bado na nguvu ya kuua.

“Nionyeshe kamba moja isiyopita kwa mtu,” Mama akasema.

Hakukuwa nayo. Watoto walikuwa wanachezea zile kamba, wanapita chini yake wakicheka, na Baba akawaambia kwa ukali watoke.

Mama hakuishia hapo. Alikumbusha Julai 2015, kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, si mbali na anakokaa Mjomba: waliovamia waliua, wakaondoka na bunduki. Aprili 2017 kule Kibiti, mkoa wetu huu wa Pwani, askari wanane waliuawa na silaha zao zikachukuliwa. “Mwizi wa mbuzi anataka mbuzi,” akasema. “Ukiweka bunduki hapa, na kijiji kizima kimejua kwa sababu maombi yanaanzia kijijini, utakuja kutembelewa na mtu mwingine kabisa.”

Mjomba hakukasirika. Alipendekeza jambo la haki: tufanye jaribio. Tukiona Baba anawahi, mjadala uendelee. Asipowahi, karatasi irudi Gongo la Mboto. Sanduku la bati la Baba likawa sefu, mchi wa kinu ukawa bunduki, magunzi matano ya mahindi yakawa maganda. Kufuli likafungwa, ufunguo chini ya mto. Mjukuu, kijana wa kidato cha pili, akapewa kazi ya kuwa mwizi: aje saa yoyote ya usiku, amfungue mbuzi mmoja, aondoke naye.

Aliyesahauliwa kuambiwa ni Bibi, mama yake Baba. Alikuwa kwa shangazi, akarejea magharibi, akala, akalala.

Mbuzi alilia katikati ya usiku. Baba aliamka haraka, hilo nalishuhudia. Akatafuta miwani. Akapata ufunguo, akaudondosha. Mama akamulika kwa simu. Kufuli, lenye kutu ya unyevu wetu huu, likagoma kidogo. Gunzi moja likabingirikia uvunguni, na Baba, kwa kuwa ni mtu anayetii masharti, akapiga magoti kulifuata. Kabla hajalipata, Bibi alikuwa ameshafungua dirisha lake.

“Mwizi! Mwizi wa mbuzi! Jamani, mwizi!”

Yowe la mama mzee halina mfano kwa usiku wa kijijini. Kwa jirani wa kwanza mlango uligonga, kisha kwa wa pili, tochi zikaonekana kwenye mikorosho upande wa barabara. Kijana, badala ya kusimama, alishikwa na hofu akakimbia na kamba ya mbuzi mkononi. Walimkamata kwenye mihogo. Nilimsikia akilia jina la babu yake, na nilisikia fimbo.

Baba alitoka peku, mchi begani, akikimbilia ile sauti. Mbalamwezi ilikuwa ndogo. Mtu mmoja alimwona anatoka gizani na kile kitu kirefu, akapaza sauti: “Ana bunduki! Mwenzake ana bunduki!” Wengine wakalala chini, wengine wakaokota mawe. Jiwe la kwanza lilipiga pipa la maji, la pili lilimpata Baba kwenye kiwiko. Kilichowazuia ni Bibi, aliyetoka na kanga moja akiita kila jirani kwa jina la mtoto wake wa kwanza, akiwaambia huyo ni mwanangu, huyo ni mwanangu. Baba aliutupa mchi, akamlalia mjukuu kwa mwili wake wote.

Asubuhi kijana alishonwa juu ya jicho kwenye zahanati. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja, akasema maneno makali kwa Mjomba na kwa Baba, na alikuwa na haki. Majirani waliomba radhi, wakaombwa radhi. Mzee mmoja, ambaye ndiye aliyerusha lile jiwe la pili, alileta kuku.

Nimesimulia kirefu usiku ule kwa sababu ndio tathmini halisi ya shotigani ile, kuliko karatasi ya dukani. Silaha iliyofungwa kama sheria inavyotaka, na kama kila nyumba yenye watoto inavyopaswa kutaka, ilichelewa. Majirani waliwahi. Na mtu mwenye silaha gizani alionekana adui machoni pa watu waliomfahamu tangu utoto wake. Mchi ungekuwa bunduki inayojipakia, na Baba amejawa hofu mbele ya vivuli vyenye mapanga vilivyomzunguka mjukuu wake, sitaki kuendelea kuwaza.

Lakini usiku ule ulituonyesha pia ubovu wa upande wa pili. Majirani waliowahi walikaribia kumuua mtoto. Sheria ya nchi inakuruhusu kujitetea na kutetea mali yako kwa nguvu inayolingana na hatari. Kumpiga mtu aliyekwisha kukamatwa hakumo. Kwa hiyo kikao cha kitongoji kilizungumzia hilo kuliko mbuzi. Nyumba zinazopakana zimepeana filimbi. Anayekamatwa anafungwa kamba na kupelekwa kwa mwenyekiti, na mtu mzima mmoja ametajwa kila upande kuwa ndiye wa kusema “basi.” Pesa za korosho zililipa michango ya shule, mlango wa mbao ngumu wenye komeo la ndani, na taa mbili za sola, moja ikiangalia zizi. Zizi lenyewe limesogezwa likapakana na ukuta wa chumba cha Baba.

Kuhusu nguruwe pori, Baba hajakata tamaa, na mimi nipo upande wake. Shamba si nyumba: hakuna chandarua nyuma ya mhogo. Iwapo ataomba silaha ya shamba, nitamsaidia kujaza fomu, ila ya kukoki kwa mkono, ile isiyotegemea ganda lenye nguvu wala kuhitaji maganda mia ya kuilainisha. Kwanza anazungumza na askari wanyamapori.

Mjomba hajaridhika hadi leo. Hoja yake ni moja na ina uzito: siku watakapokuja watu sita wenye silaha za kweli, filimbi itasaidia nini? Alimuuliza Baba hivyo Idi iliyopita, mbele yetu sote.

“Siku hiyo, shemeji,” Baba akamjibu, “wachukue mbuzi wote. Mimi nitakuwa sakafuni na wajukuu.”