Sifa za Ufunguo Uliopotea

Washairi wa pwani wamesifu mnazi na jahazi, wamesifu wali wa nazi na macho ya watu wasiowajua. Hakuna aliyeshika kalamu kuusifu ufunguo wa gari kuukuu uliopotea. Dhuluma hiyo naiondoa leo. Natamka mbele ya wasomaji wenye akili timamu kwamba katika vitu vyote anavyoweza kupoteza binadamu, na tumepoteza vingi, hakuna chenye maadili mema kuliko ufunguo wa Peugeot 504.

Kwa vijana ambao hawakulikuta gari hili barabarani, Pijo 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 ikatawazwa Gari la Mwaka la Ulaya. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden alishinda nayo Safari Rally. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena, safari hiyo na ile ya milango miwili. Huku kwetu ilibeba wagonjwa, maharusi, maiti, mbuzi, na abiria wa safu tatu waliokalia mapaja ya wenzao. Gari hilo lililoshinda tope, mawe na madereva wetu likaja kushindwa na kukosekana kwa kipande cha chuma kinachoenea kwenye mfuko wa shati. Huo ndio ukuu wa ufunguo: thamani yake huonekana siku wenyewe usipoonekana.

Fadhila zake ndogo nitazitaja harakaharaka. Unajenga mwili, maana anayeukosa hutembea. Unasafisha nyumba: chini ya mito ya makochi yangu tumeokota pini, senti zisizonunua kitu tena, na kadi ya mwaliko wa harusi ambayo ndoa yake imeshavunjika. Unakuza dini, kwa kuwa kila jirani ana dua yake ya kurudisha kilichopotea. Aidha, ni mnyenyekevu kupita kiasi. Namba ya kuchongea ufunguo mwingine hupigwa juu ya ufunguo wenyewe, na pengine huandikwa kwenye kijitabu cha gari, ambacho watu makini hukitunza ndani ya gari na kulifunga. Yaani anayejua njia ya kumrudisha aliyepotea ni aliyepotea.

Lakini hizo ni takataka mbele ya fadhila yake kuu, ambayo ni ulinzi.

Wazungu wamehangaika na ulinzi wa magari kwa miongo mingi. Kufikia mwaka 1998 sheria za Ulaya zilikuwa zimedai kila gari dogo jipya liwe na kifaa cha kuizuia injini isiwake, kwa kawaida mpaka chipu iliyo ndani ya ufunguo itambuliwe. Wezi wakasoma. Magari ya kuwashwa kwa kubonyeza kitufe yalipoenea, wakajifunza kunasa mawimbi ya ufunguo uliolala sebuleni na kuyapeleka kwenye gari lililoko nje, likadhani bwana wake amefika. Elimu yote hiyo, na gari bado linakwenda. Pijo yangu iliivuka elimu hiyo kwa hatua moja. Siku ufunguo ulipotoweka, haikuweza tena kuibiwa na mtu yeyote, mimi mwenyewe nikiwemo.

Tazama faida zinazofuata. Trafiki hawawezi kulisimamisha gari ambalo limesimama. Halijawahi kuvuka kilomita 50 kwa saa mahali pa 50, wala 30 mahali pa 30. Matairi hayaliki upande mmoja. Shemeji yangu, aliyekuwa akiliazima Jumamosi na kulirudisha Jumatatu likiwa na harufu ya samaki, amepunguza ziara zake na mazungumzo yetu ya simu yamekuwa mafupi na ya heshima. Kamati za harusi zimefuta jina langu kwenye orodha ya wenye usafiri. Kuku wa jirani ametagia chini ya injini, akaangua, akalea, na vifaranga wote wamefika umri wa kujitegemea bila hata mmoja kukanyagwa. Kampuni ya bima ingekuwa na haya, ingenirudishia fedha.

Wapo watakaosema: gari la zamani halina chipu, unganisha waya liwake. Kweli. Fundi umeme alipeleka moto kwenye koili, akagusisha waya wa stata, injini ikaitikia mara moja. Ila wahandisi walishatuwekea kidude kingine, kipini kinachochomoka na kuifunga nguzo ya usukani kila ufunguo ukitolewa. General Motors walikiweka kwenye magari yao ya mwaka 1969, na Pijo yangu haikutaka kupitwa. Nikawa na gari linaloweza kwenda popote, mradi ni kushoto.

Basi nikaenda kutafuta ufunguo wa kihalali. Duka moja la vipuri lilikuwa tayari kuagiza swichi mpya na ufunguo wake, mradi nithibitishe kwamba gari ni langu. Sikatai, duka linalomwagizia funguo kila anayeomba ni chuo cha wezi. Nilete kadi ya gari, kitambulisho, ripoti ya upotevu kutoka polisi, na barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri. Barua ikaandikwa vizuri, kwa mwandiko wa kupendeza. Ulibaki muhuri.

Muhuri ulikuwa umefungiwa kabatini.

“Shikamoo mzee,” akasema binti wa mapokezi. “Mwenye ufunguo katoka kidogo.”

Hapa naomba niziweke sifa pembeni, maana nimechoka. Katoka kwenda wapi? Msibani. Alipotoka msibani alikuwa kwenye semina. Alipotoka kwenye semina alikuwa njiani, na simu yake ikaita mpaka ikakata tamaa. Koti lake lilikuwa kitini, na kila mtu ofisini alilitaja kwa upole: “Yupo, si unaona koti?” Nimefika pale mtu mzima, natafuta karatasi ya kunisaidia kupata ufunguo, na ofisi inayopaswa kunipa karatasi haina ufunguo.

Wala si ofisi hiyo peke yake. Ni mara ngapi tumeambiwa gari la wagonjwa lipo, lina mafuta, lina dereva, ila ufunguo anao mganga mkuu na amekwenda mkoani? Shule ina maabara yenye darubini ambazo wanafunzi wamezichungulia kupitia dirishani, kwa sababu mwalimu mwenye ufunguo yuko likizo. Vyoo vya wananchi vimefungwa kufuli visichafuliwe na wananchi. Maktaba ya kata ina vitabu safi kabisa. Tumekuwa taifa la vitu vilivyotunzwa vizuri, na wenye funguo wametoka kidogo. Kila mmoja wao anajua kwamba akiuacha ufunguo kwenye msumari ukutani, kazi itaendelea bila yeye, na hilo ndilo jambo asilolitaka duniani.

Mwishowe nilikwenda Kariakoo nikamchukua kijana anayechonga funguo chini ya mwavuli. Alikuja na tupa mbili na ufunguo usio na meno. Kabla ya kugusa chochote aliuliza kwa sauti, “Jamani, hili gari la nani?” Mama muuza vitumbua akajibu bila kugeuka, “La mzee huyo, linatuzibia njia tangu masika.” Huo ndio ukawa ushahidi, na nathubutu kusema ulizidi muhuri, kwa kuwa mama yule alikuwepo. Kijana akaingiza chuma chake kwenye swichi, akakipindisha, akakitoa, akatazama vialama vilivyoachwa na vibati vya ndani, akapiga tupa hapohapo, akakirudisha. Akafanya hivyo bila haraka mpaka swichi ikazunguka na usukani ukaachia. Barua yangu, kwa taarifa ya wanaohusika, bado inasubiri muhuri.

Kwa hiyo nauweka ufunguo wangu uliopotea juu ya wenye funguo wote wa nchi hii. Haukuniambia nije kesho. Haukuacha koti kitini ili nidhani upo. Haukudai kwamba uko njiani. Ulipotea, nikajua umepotea, nikatafuta mwenye tupa. Ofisi zetu zingetufanyia wema huo tu: zibandike mlangoni tangazo la kweli, kwamba ufunguo umepotea na haujulikani utarudi lini. Mafundi tunao.