Mwongozo wa Kusafisha Dirisha la Ghorofani, kwa Wale Ambao Bado Wana Mifupa Mizima

Hongera. Umejenga ghorofa Bomang'ombe. Kihamba cha Machame, shamba la ukoo, kilikwenda kwa kitinda mimba kama mila inavyotaka, wewe ukaambiwa ukatafute chako huku chini kwenye joto. Ukaja, ukamwaga zege, ukapaua kwa bati la msauzi, ukaweka vioo vya bluu ambavyo abiria wa basi la Arusha anaviona akiwa bado anatafuta nauli. Fundi alikukabidhi funguo na kuondoka. Hakuna aliyekuuliza swali moja dogo: vile vya juu utavifuta na nini?

Mwongozo huu ni wako. Umeandikwa kwa nia njema na mtu aliyewahi kushikilia ngazi ya mwenzake, na mara moja kuiachia.

Kwanza, mfahamu adui

Jina la mji halikudanganyi: lilikuwa boma la ng'ombe. Zamani vumbi lilitimuliwa na kwato, siku hizi linatimuliwa na bodaboda na magari ya Sanya Juu. Vumbi lenyewe ni lile lile. Ni Mlima Kilimanjaro uliosagwa, mwamba wa volkano uliopondeka hadi ukawa kama unga wa sembe. Usidanganywe na ulaini wake. Ndani mna chembe ngumu, na ukilifuta kavu kwa tambara unakuwa unakipiga kioo msasa. Mikwaruzo haitaonekana jioni hiyo. Itaonekana kesho jua likichomoza, na itabaki hapo mpaka wajukuu wako watakapogombania nyumba.

Kwa hiyo maji kwanza, tambara baadaye. Na usioshe kioo kinachopigwa na jua, maana sabuni itakaukia juu yake kabla hujaifikia. Anza asubuhi upande wa kivuli, kisha zunguka nyumba ukilikimbia jua.

Msimu wa kazi

Madirisha ya ghorofani husafishwa mara moja kwa mwaka, wiki moja kabla ya Krismasi. Ndipo Wachaga wa Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na ng'ambo wanapopanda kurudi nyumbani, na nyumba iliyolala miezi kumi na moja ikiwa na mlinzi na mbwa inaamshwa kwa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Madirisha mmesafisha?"

"Ya chini tayari, mama."

"Na ya juu?"

Hapa mlinzi hunyamaza kidogo.

"Ya juu tunayaangalia, mama."

Hasemi uongo. Amesimama uani, shingo imekunjwa nyuma, anayaangalia.

Njia ya kwanza: ngazi, ndoo na gazeti

1. *Tafuta ngazi.* Nyumba yenye runinga ya ukuta mzima haina ngazi. Utaazima kwa fundi umeme, au utaletewa moja iliyopigiliwa kwa mirunda na misumari iliyobaki kwenye paa. Kagua vidato. Kilichofungwa kwa waya usikiogope sana. Hicho kimeshavunjika kikarekebishwa. Ogopa kinachofuata, ambacho zamu yake bado.

2. *Isimike.* Kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita moja kutoka ukutani. Dirisha la mita tano linataka mita moja na robo. Ukiuvuta nje zaidi ya hapo ngazi itateleza chini, ukiusogeza ndani zaidi utarudi nayo kinyumenyume. Kanuni hii inajulikana dunia nzima isipokuwa uani kwako, ambako ngazi huwekwa popote palipobaki nafasi kati ya simtanki na maua ya mama. Kwenye pevingi miguu yake huteleza. Kwenye vumbi unazama mmoja, mwingine unabaki kushangaa.

3. *Mweke mshika ngazi.* Kazi hii inaonekana rahisi, ndiyo maana hupewa yule asiyefaa kwa nyingine yoyote. Mwaka mmoja nilipewa mimi, juu akiwa shemeji yangu. Chini ya ukingo wa paa nyigu walikuwa wamejenga kwa utulivu. Brashi ilipowagusa walishuka, na walishukia upande wangu. Sikumbuki kuamua kuiachia ngazi. Nakumbuka tu nikiwa getini. Shemeji alibaki akining'inia kwenye nondo za dirisha, akinitaja mimi na ukoo wangu. Tangu siku hiyo naheshimu nondo, na shemeji hanipi kushika hata mtoto. Kagua nyigu kabla ya kupanda.

4. *Osha.* Matone machache ya sabuni kwenye ndoo yanatosha. Povu jingi ni la kufurahisha majirani. Kisha chukua mpira wa kukwangua maji, kama ule wa vijana wanaoosha vioo vya magari barabarani. Ettore Steccone, Mwitaliano aliyehamia Marekani, ndiye aliyeuanzishia biashara mjini Oakland mwaka 1936, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Uburuze kutoka juu kwenda chini, kila mburuzo ukipanda kidogo juu ya uliotangulia, na uufute ukingo wake kila mara. Kazi hii inataka mkono wa mpira na mkono wa tambara. Ndoo inataka mkono wake. Ngazi nayo inataka wake. Hesabu mikono yako ukiwa bado chini.

5. *Malizia kwa gazeti.* Gazeti linafuta vizuri kwa sababu haliachi manyoya kama tambara la fulana kuukuu. Ila chagua kurasa. Usimpandishe kijana na Mwanaspoti ya wiki ambayo Simba na Yanga wamekutana. Utamkuta juu ya kidato cha tisa, kioo hakijaguswa, anasoma maelezo ya kocha. Matangazo ya zabuni ndiyo bora. Hakuna binadamu aliyewahi kusimama juu ya ngazi kusoma zabuni.

Njia ya pili: fimbo ya maji

Binamu yako aliyeko Uingereza amekutumia picha. Mtu amesimama chini kwenye majani mabichi, mkononi ana fimbo ndefu inayorefushwa kama antena ya redio, juu kuna brashi yenye vitundu vinavyotoa maji. Anasugua dirisha la ghorofa ya pili huku anaongea na mwenye nyumba habari za mvua. Hatumii sabuni wala hafuti. Anakunja vitu vyake anaondoka, na kioo kinakauka chenyewe kikiwa safi.

Wenzetu hawakuanza hivyo kwa uvivu. Mwaka 2005 Uingereza ilitunga kanuni za kazi za juu, na neno la kwanza ndani yake ni kwamba kama kazi inaweza kufanyika bila mtu kupanda, asipande. Fimbo zilikuwepo kabla, lakini baada ya hapo ngazi nyingi zilipata mapumziko. Nawe unaitaka fimbo. Sikiliza basi ambayo picha haikusema.

*Uchawi hauko kwenye fimbo, uko kwenye maji.* Maji ya kawaida yakikauka huacha chumvi yaliyoibeba, na ndiyo hayo madoa meupe. Usiniambie maji yako ni maangavu. Ya chemchemi ya Chemka kule Rundugai ni maangavu mpaka unaona vidole vyako vya miguu, lakini yamesafiri ndani ya mwamba wa volkano na hayakutoka mikono mitupu. Chungulia ndani ya birika lako la chai. Ukoko ule mweupe ndio utakaoupaka kwenye vioo vya bluu, kwa fimbo ya gharama.

Ndiyo maana wenye fimbo hupitisha maji kwenye chujio la utando, kisha kwenye chembechembe za resini zinazonasa chumvi iliyobaki, mpaka kipimo kisome sifuri au karibu yake. Maji yakiwa na chumvi nyingi resini inachoka upesi. Utakuwa unainunua kama pumba za kuku.

*Kuna njia ya maskini, nayo ni nzuri.* Maji ya mvua karibu hayana chumvi. Acha mvua ya kwanza ya vuli ioshe vumbi la bati, halafu elekeza mfereji wa paa kwenye simtanki safi. Umepata bure kile ambacho binamu anakilipia.

*Usitegemee mnara wa tanki.* Fundi atakuambia tanki liko juu, maji yatapanda yenyewe. Wazee waliochimba mifongo ya Machame, wakayaongoza maji kilomita na kilomita ubavuni mwa mlima, wangemcheka. Maji huenda yanakoshuka. Brashi ikifika usawa wa tanki hupati hata tone, ikiwa chini yake kidogo unapata machozi. Utahitaji pampu ndogo ya betri.

*Tazama juu.* Fimbo ya alumini inapitisha umeme. Ile nyepesi nyeusi ya nyuzi za kaboni, anayojivunia binamu, nayo inapitisha. Ukimwona mtu anainua fimbo ndefu karibu na nyaya za TANESCO, usikimbilie kumshika. Piga kelele ukiwa mbali.

*Mwisho, kumbuka fimbo ilibuniwa na watu wasioogopa wezi wala mbu.* Dirisha la kwao ni kioo tu. La kwako lina nondo nje, kisha wavu, kisha kioo. Brashi itaosha nondo vizuri sana. Itaosha wavu, na vumbi la wavu litageuka tope litakaloteremka juu ya kioo. Kioo chenyewe itakisikia kwa mbali.

Maswali ya wenye nyumba

*Je, mlinzi hawezi kupanda tu? Si ni kijana?*
Uliajiri mtu wa kulinda geti. Ukimpandisha mita tano bila kamba umemwajiri kazi ya pili bila kumwambia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haina kifungu kinachosema "si ni kijana".

*Kwa nini kazi ya asubuhi moja fundi aniambie elfu hamsini?*
Elfu kumi ni ya vioo. Inayobaki ni ya kushuka.

*Nikipata fundi wa elfu kumi je?*
Umepata wa kupanda.

Njia ya tatu, ambayo hakuna anayeitaja

Sasa nikuambie siri ambayo fundi wako wa alumini anaijua na hajawahi kuulizwa. Vioo vingi vya kusukuma vinatoka kwa ndani. Kisogeze kioo katikati ya fremu, kama kuna kizuizi juu kifungue. Mkiwa wawili, kinyanyueni kiingie kwenye mfereji wa juu, vuteni upande wa chini kuelekea kwenu, kitatoka relini kama droo. Kilazeni bafuni juu ya taulo, muoshe pande zote mbili, mkikaushe kwa mpira ule ule, mkirudishe. Kikiwa nje, safisheni reli pia. Vumbi lililojaa humo huziba vitundu vya kutolea maji, na ndiyo sababu mvua ya upepo inaingia sebuleni ukalaumu ukuta. Wavu unatoka hivyo hivyo. Nondo zinaoshewa pale pale, mkono ukiwa ndani na miguu ikiwa juu ya vigae.

Hakuna ngazi hapo, wala resini, wala binamu. Kama nondo zako ziko upande wa ndani, pole, rudi njia ya kwanza. Na lile dirisha refu la ngazini, lisilofunguka, ulilomwambia fundi ulitaka "kama la hoteli", litaendelea kudai jukwaa la mirunda au fimbo na maji ya mvua. Hilo ulijitakia.

Utauliza kwa nini njia ya tatu haitumiki. Ni kwa sababu haionekani. Mtu akiwa juu ya ngazi, mtaa mzima unajua kwamba wenye nyumba wanakuja.

Ukaguzi

Tarehe 24 unafika. Hushuki vizuri kwenye gari. Unasimama getini, mkono kiunoni, unakagua.

"Pale kona. Kuna doa."

Kijana anapanda, anafuta, anashuka. Doa lipo. Anapanda tena na gazeti jipya. Doa lipo. Unatikisa kichwa na kusema vijana wa siku hizi. Usiku mapazia yanafungwa, yale mazito ya kitambaa cha velveti, ili wapita njia wasione mlivyonunua. Yanabaki yamefungwa sikukuu nzima. Baada ya mwaka mpya mnapakia ndizi, mnaaga, mnaondoka.

Kesho yake mlinzi anapanda juu kufungua madirisha nyumba ipate hewa. Ni saa kumi na mbili na nusu, mawingu hayajapanda. Anavuta pazia na Kibo iko pale, mita 5,895, nyeupe kileleni. Anasimama kidogo. Kisha anaona kwenye kona ya kioo doa moja dogo, la kidole.

Anatoa gazeti mfukoni, analifuta. Lilikuwa kwa ndani.