Pongezi kwa Walinzi wa Mpaka wa Mwisho

Kwa Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha.

Waheshimiwa,

Salamu na pongezi. Jumuiya sasa ina nchi nane, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Mipaka imelegea. Uliobaki imara ni mmoja tu, nao hauna geti wala askari: uko ndani ya simu.

Ushahidi upo Namanga. Tangu Marais Magufuli na Kenyatta wazindue kituo cha pamoja Desemba 2018, abiria wa basi la Arusha kwenda Nairobi hugongewa mihuri ya nchi mbili chini ya paa moja. Simu haina undugu huo. Abiria hajamaliza foleni, mnara wa ng'ambo umeshaidaka, ujumbe wa makaribisho umeingia, na utingo mwenye huruma anapita akitangaza, "Jamani, zimeni data!" Asiyesikia, salio lake halifiki Kajiado.

Wazoefu wana dawa yao. Mama anayefuata mzigo Nairobi husafiri na laini mbili za nyumbani, moja ya maongezi, nyingine ya pesa. Ya tatu, ya Kenya, ameifunga kwenye pindo la kanga pamoja na noti za huko. Akishavuka huvua hereni, huichomeka kwenye kitundu pembeni mwa simu, kisahani kikachomoza, akabadilisha laini palepale akiwa amesimama. Wanawe hawampati tena kwa namba waliyoizoea mpaka arudi.

Si kwamba hamna lililofanyika. Mwaka 2014 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kuwa na mtandao mmoja: msafiri apokee simu bure, na kupiga kusizidi senti 10 za Dola ya Marekani kwa dakika. Sudan Kusini wakati huo haikuwa hata mwanachama wa Jumuiya; iliingia 2016. Tanzania, mwenye nyumba wenu, haikuwamo katika kundi lile la kwanza. Si neno. Mwenye nyumba huwahudumia wageni kwanza.

Asije mtu akasingizia utaalamu. Enzi za simu za mezani nchi hizi zilijitengea namba za mkato: 005 kuingia Kenya, 006 Uganda, 007 Tanzania. Kisha mwaka 2006 Celtel, kampuni iliyoanzishwa na Mo Ibrahim, iliwaruhusu wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania kuvuka na laini zao, wakapokea simu bure na kupiga kwa bei ya wenyeji. Umoja wa Ulaya ulifuta gharama za ziada kwa wasafiri wake tarehe 15 Juni 2017. Kwa maneno mengine, Afrika Mashariki ilimtangulia Mzungu kwa zaidi ya miaka kumi, ikaketi kando ya barabara kumsubiri apite.

Ombi ni moja. Kikao kijacho kuhusu bei hizi kisifanyike ukumbini, kifanyike ndani ya basi. Wajumbe wapande Arusha alfajiri, data ikiwa imewashwa, laini ziwe zao binafsi, si za ofisi, na kila mmoja apige nyumbani basi likishapita Namanga. Posho ilipwe kwa vocha.

Wenu mtiifu,
Mteja Asiyepatikana kwa Sasa